Bua la ethanoli si bua la makaa

Kila baada ya mavuno, mabua yakiwa yamelala mashambani kuanzia Jilore hadi Mambrui, huzuka swali lile lile: Ulaya wanageuza mabua ya ngano kuwa ethanoli, pombe ya kuendeshea gari, nasi tuna mabua, magunzi na vifuu, mbona tunavichoma bure? Swali ni zuri. Majibu ndiyo hupotoka, kwa sababu huanzia kwenye mashine: nunua hii, agiza ile. Mashine ije mwisho. La kwanza ni kujua bua lenyewe limeumbwa na nini, maana bua linalompendeza mtengeneza ethanoli ndilo linalomtia hasara mchoma makaa, na zuri la mchoma makaa ni balaa kwa mwenye ethanoli.

Tuanze na ngano, ingawa pwani hatuilimi. Ngano ya Kenya hutoka Narok, Nakuru, Uasin Gishu na nyanda za Timau. (Ipo hata mbegu ya ngano iitwayo Kwale, ila usiende kuitafuta Kwale, ni mbegu ya bara, kwenye baridi.) Bua la ngano likikauka, asilimia 33 hadi 40 ya uzito wake huwa selulosi, 20 hadi 25 hemiselulosi, 15 hadi 20 lignini, na jivu ni asilimia 4 hadi 10. Selulosi ni sukari ya glukosi iliyoungwa minyororo mirefu. Hemiselulosi nayo ni sukari, lakini ya mchanganyiko, na kubwa ndani yake ni zailosi. Lignini si sukari hata kidogo: imejaa katikati ya nyuzi kama chokaa kati ya mawe ya nyumba za Lamu, na ndiyo inayolifanya bua lisimame na lisiliwe ovyo na wadudu na vijidudu.

Kazi yote ya ethanoli ni kuipita lignini ili kuifikia selulosi. Kiwandani mabua hukatwakatwa na kutiwa kwenye chombo cha mvuke wa nyuzi 180 hadi 220 za Selsiasi kwa dakika chache, kisha kanieneo, yaani msukumo wa mvuke, huachiliwa ghafla ili nyuzinyuzi za bua zipasuke. Mvuke wa nyuzi 200 husukuma kwa nguvu ya mara 15 hivi ya hewa tunayovuta, kwa hiyo habari ya kulifanya jambo hili kwa pipa nyuma ya nyumba iondoe akilini kabisa. Baadaye hutiwa vimeng'enya, kwenye joto la nyuzi 50 na pH ya 5 hivi (uchachu kidogo), vinavyoikata selulosi iwe glukosi. Hamira huigeuza glukosi kuwa ethanoli, na mwisho huja kukeneka, yaani kuitenga ethanoli na maji kwa kuichemsha.

Panapoharibika panajulikana. Mvuke ukizidi, sehemu ya sukari huungua na kuwa furfurali, na asidi ya siki hutoka kwenye hemiselulosi. Vyote viwili huidhoofisha hamira, na pipa zima la uchachushaji linaweza kulala. Mvuke ukipungua, lignini haijalegea na vimeng'enya havipati pa kushika. Halafu ipo ile zailosi: hamira ya kawaida ya mkate haiigusi, kwa hiyo bila hamira iliyobadilishwa maalumu, karibu sehemu ya tano ya bua inabaki kwenye maji machafu.

Hesabu yake ni hii. Tani moja ya mabua makavu yenye selulosi asilimia 38 ina kilo 380 za selulosi, ambazo zikikatwa zote huwa kilo 422 za glukosi, kwa kuwa kila kiungo kinachokatwa huongeza maji. Glukosi hutoa ethanoli kwa kiwango kisichozidi asilimia 51 ya uzito wake, yaani kilo 215, au lita 273 hivi. Hicho ni kilele cha kwenye karatasi. Kiwanda cha Clariant, kampuni ya kemikali ya Uswisi, kilichojengwa Podari, Rumania, na kukamilika 2021, kilikusudiwa kula tani 250,000 za mabua kwa mwaka na kutoa tani 50,000 za ethanoli. Mwishoni mwa 2023 kampuni ilitangaza kukifunga. Kama wenye mashamba mapana ya ngano, barabara nzuri na fedha za Umoja wa Ulaya walishindwa kuifanya hesabu itoke, mtu akikuuzia wazo la ethanoli ya mabua huku Magarini, muulize kwanza mvuke ataupata wapi. Ethanoli ya Kenya hutoka kwenye molasi za miwa, kama kule Muhoroni, na sababu ni nyepesi: sukari ya molasi iko wazi, haijafungwa na chochote.

Sasa aina za mbegu. Ngano ndefu za zamani zilisimama hadi kifuani mwa mtu. Zile fupi zilizoenea baada ya kazi ya Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu Mmarekani, kule Meksiko, zenye vinasaba vya ufupi kutoka ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10, zina shina fupi na nafaka nyingi. Bua likifupika, sehemu ya majani huwa kubwa zaidi katika lundo lilelile. Na jani si shina. Jani lina lignini kidogo na vimeng'enya hulila upesi. Shina, hasa pingili za chini, ni gumu. Hivyo mwenye ethanoli anaweza kupenda ngano fupi yenye majani mengi. Anayetaka kuchoma hali yake ni kinyume, kwa kuwa jani la ngano limejaa silika, kitu kile kile cha mchanga, na silika haiungui. Nani mshindi kati ya mbegu hizo hakuna jibu mpaka useme unatengeneza nini. Tena mbegu ile ile ikilimwa kwenye udongo mwingine, ikatiwa mbolea nyingi au ikavunwa kabla haijakauka, vipimo vyake husogea kiasi cha kuweza kuifunika tofauti ya mbegu yenyewe. Ndiyo sababu huwa siamini jedwali la msimu mmoja.

Kwenye makaa, mambo yanageuka juu chini. Ukilipasha joto bua bila hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya selulosi huondoka kuwa moshi na gesi. Lignini ndiyo inayobaki zaidi kuwa kaboni. Kifuu cha nazi kilichokomaa, chenye lignini ya theluthi hivi, hutoa makaa mazito, magumu, yanayolia ukiyagonganisha. Bua la mahindi hutoa kitu chepesi kinachosagika vidoleni.

Ila adui mkubwa wa makaa ya mabaki ya shamba ni jivu, na hapa wengi hujidanganya kwa kutazama namba ya mwanzo tu. Jivu haliungui wala haliondoki na moshi. Lote hubaki ndani ya makaa. Chukua kilo 100 za mabua yenye jivu asilimia 6. Yakitoa kilo 25 za makaa, zile kilo 6 za jivu zimo ndani ya kilo 25, yaani asilimia 24. Ukiyasaga na kuyabana yawe briketi, yaani tonge la unga wa makaa, karibu robo ya kila moja ni kitu kisichowaka. Pumba za mpunga, kama zile za Garsen, huwa na jivu la karibu asilimia 20, na makaa yake nusu nzima ni jivu. Jikoni huhifadhi umbo lake mpaka mwisho, mpishi akadhani moto bado upo kumbe ni silika imesimama. Magunzi ya mahindi yana jivu asilimia 1 hadi 3. Vifuu huwa karibu na 1, na makaa yake hayapiti 3 au 4.

Kwa hiyo usikusanye lundo kabla ya kulipima. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kausha sampuli mpaka uzito wake usibadilike kati ya asubuhi na jioni, pima gramu 100 kamili kwa mizani ndogo ya dijitali (ile ya kupimia viungo yatosha), itie kwenye sufuria kuukuu isiyo na kutu, uiweke juu ya jiko la makaa lililokolea. Itatoa moshi, itashika moto, itabaki nyeusi. Usiishie hapo. Endelea kuigeuza na kijiko cha chuma, ukivunja kila kipande cheusi, mpaka unga uwe wa kijivu-cheupe pote. Weusi uliobaki ni kaboni, nao utakuonyesha jivu jingi kuliko lililopo. Ipoe, pima. Gramu ulizopata ndizo asilimia. Chini ya 3, choma makaa bila wasiwasi. Kati ya 3 na 6, changanya na vifuu au magunzi. Ikipita 6, mpe mbuzi au urudishe shambani.

Ukipata namba kubwa kwenye kitu kinachojulikana kuwa na jivu dogo, paka jivu hilo kati ya vidole viwili. Likikwaruza, ni mchanga. Udongo wetu wa kichanga hupanda kwenye bua linaloburutwa, na mchwa wakiliingia huujaza udongo ndani ya shina kabisa, ambako hata kulikung'uta hakusaidii. Kata bua shibiri moja juu ya ardhi, libebe usiliburute, na usiliache likilala chini wiki nyingi. Wadenmaki wanaochoma mabua ya ngano kwenye mitambo ya umeme huyapendelea yaliyonyeshewa shambani na kugeuka kijivu kuliko ya manjano mabichi, kwa kuwa mvua huosha potasiamu na klorini, vitu vinavyofanya jivu liyeyuke na kugandamana na kula mabomba ya chuma. Wazo hilo ni sahihi, lakini huku mvua ikilichelewa bua, mchwa hulifika kwanza. Akitaka mtu kulinyeshea, alitundike kwenye uchaga.

Mbegu za kwetu nazo hazilingani. Mahindi ya kienyeji kama mdzihana hupanda juu na kutoa bua kubwa. PH4, mbegu chotara iliyotengenezwa kwa ajili ya pwani, haianguki ovyo. Baadhi ya chotara hubaki na shina bichi wakati hindi limeshakauka: bua la namna hiyo lina maji na sukari, ng'ombe hulifurahia, na kwenye pipa la makaa litakutolea mvuke saa nzima kabla ya jambo lolote. Ushauri wangu ni kuliacha bua la mahindi kwa mifugo, la aina yoyote, na kuchukua gunzi. Gunia la kilo 90 la punje huacha kama kilo 15 hadi 20 za magunzi, na gunzi ni kavu, safi, halikugusa mchanga.

Kwa nazi, mnazi mrefu wa Afrika Mashariki ndio wa kutafuta, nazi iliyokomaa yenye kifuu cha kahawia iliyokolea. Kifuu cha dafu hakifai, liwe la mnazi mrefu au la kitamli, ule mnazi mfupi: lignini haijajaa, kifuu ni cheupe na laini, na dafu lililotupwa nyuma ya hoteli zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Malundo hayo ya Malindi yanavutia macho, lakini mwenye kuyachoma atachoma kuni nyingi kuyakausha. Gonganisha vipande viwili vya kifuu: kikavu kilichokomaa hutoa mlio mkali, kibichi hutoa kishindo kizito. Makumbi yana jivu zaidi, yenye potasiamu na klorini, na yale yaliyofukiwa matopeni pwani kwa ajili ya usumba yamekunywa chumvi. Chumvi hula pipa na huvuta unyevu kwenye briketi iliyokwisha kauka. Maganda ya korosho yaache kabisa. Mafuta yake huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua. Miti ya pamba ya Mpeketoni, kwa upande mwingine, ni karibu kuni hasa, na inasahaulika bila sababu.

Pipa la lita 200 linatosha kuanzia. Lisiwe lililobeba dawa za mimea. Toboa matundu 20 hivi chini, ya upana wa sentimita 2 au 3, na juu liwe wazi lenye mfuniko unaokaa sawasawa. Lisimamishe juu ya mawe matatu, mbali na nyumba yoyote ya makuti, na upande wa upepo weka bati la kukinga: wakati wa kusi upepo huingia kwa matundu ya upande mmoja, na nusu ya pipa huwa jivu wakati nusu nyingine bado ni magunzi. Magunzi yakimwagwa tu yanaingia kilo 30 hadi 40. Mabua yaliyokatwa vipande hayafiki 15, na kazi ni ile ile. Hii peke yake yatosha kukukatisha tamaa ya mabua.

Washa kwa juu, kwa makuti au karara kavu. Moto utashuka polepole. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, ni maji. Kisha huwa wa manjano na mkali, ndiyo lami. Ukianza kuwa mwembamba wa samawati, chungulia chini: ukiona wekundu umefika kwenye matundu, wakati umefika. Yasukume mawe kwa mti, pipa likae chini, zungushia mchanga wenye unyevu, funika, na uzibe ukingo wa mfuniko kwa udongo. Muda hautabiriki, fuata moshi. Ukiziba mapema, katikati itakuwa na rangi ya kahawia na briketi zitatoa moshi jikoni. Ukichelewa, unavuna jivu. Ukiona uzi wa moshi ukitoka popote baada ya kuziba, hapo hewa inaingia. Liache hadi kesho yake, kisha uyatandaze makaa mahali pa wazi na uyaangalie saa kadhaa kabla ya kuyatia guniani, kwa sababu makaa mapya yakipata hewa yanaweza kuwaka tena yenyewe. Robo ya uzito ulioingia ikitoka makaa, umefanya vizuri.

Sasa briketi. Ponda makaa, chekecha kwa wavu wa milimita 2 au 3. Kwa kilo 10 za unga wa makaa, tumia gramu 500 hadi 700 za unga wa muhogo. Uukoroge kwenye maji baridi kidogo, uumimine ndani ya lita 4 za maji yanayochemka, upike mpaka uji uache weupe na uwe wa kung'aa, unaovutika. Unga mbichi uliochanganywa tu na makaa haushikamanishi chochote, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Changanya ukiwa moto, ongeza maji kidogo kidogo; ni nadra kupita lita 6 kwa jumla. Fumbata konzi moja kwa nguvu: ukifungua mkono ikabaki na alama za vidole bila kutoa tone, iko tayari. Ikimeguka, ongeza uji, si maji. Wanga ukizidi, briketi hutoa moshi, huota ukungu, na panya huzigundua. Wapo wanaotia udongo ili zidumu motoni. Kidogo hupunguza kasi ya kuungua, lakini ni jivu ulilolikimbia tangu mwanzo unalolirudisha kwa mkono wako, na mnunuzi hulipia uzito wake.

Mashine ya kusagia nyama, iliyotolewa kisu, inatosha kwa kilo chache kwa siku. Kipenyo cha sentimita 3 hukauka vizuri. Kinene zaidi hubaki na maji katikati. Siku ya kwanza zikae kivulini, jua kali likianza mapema hukausha ngozi ya nje na kuipasua, halafu zitoke juani kwenye uchaga, si chini. Wakati wa kaskazi siku tatu hivi zatosha. Wakati wa masika hata wiki ni chache, na ni afadhali kuchoma makaa tu, uweke unga kwenye gunia lililofungwa, na ubane hali ya hewa ikitulia. Iliyokauka huvunjika kwa mlio na ndani ina rangi moja. Ikiwa na duara jeusi zaidi katikati, bado.

Jikoni zitendee kama makaa mengine yoyote: mlango na madirisha wazi, kwa kuwa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na haisubiri moshi. Zilizovunjika wakati wa kukausha usizitupe. Zisage tena, uzitie nusu ya uji wa mwanzo, uzibane upya.